Maswali ya Wasomaji: Honi Kubwa, Sheria na Ufungaji Wake

Mabasi yaliporuhusiwa kusafiri saa 24 kuanzia Oktoba 2023, barabara ya Morogoro, Dodoma hadi Singida ikawa haina usiku, na honi nazo zikafuata. Barua tunazopokea ni za namna mbili: za wanaotaka honi yenye nguvu zaidi, na za wanaotaka kulala. Safari hii tunawajibu wote kwa pamoja.

Noah yangu ilikuwa na honi moja dhaifu. Nimefunga mbili za konokono, zile zilizojikunja kama gamba lake, za volti 12. Jamaa wa hapa kijiweni wananiambia nitakamatwa kwa sababu si honi za kiwandani. Ni kweli?
*Dereva wa Noah, Nkuhungu*

Hapana, ndugu yetu. Kubadilisha honi iliyochoka si kosa. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ambayo ni Sura ya 168, inataka gari liwe na honi inayofanya kazi. Lisilo na honi ndilo lenye kasoro. Kinachokuingiza matatani ni mambo mawili: sauti inayotoka, na unavyoitumia.

Tuanze na sauti. Honi ya gari la kawaida inatakiwa itoe mlio mmoja ulionyooka, tangu unapobonyeza mpaka unapoachia. Mlio unaopanda na kushuka ni king'ora, na ving'ora ni vya magari ya dharura: polisi, zimamoto, gari la wagonjwa. Honi za nyimbo, za miluzi na zile za mbwa anayebweka ziache dukani, kwa sababu trafiki akikusimamisha huna cha kujitetea. Konokono zako mbili hazina tatizo hilo. Moja hulia nene, karibu hezi 400, nyingine nyembamba kidogo, karibu hezi 500, na zikilia pamoja sikio hupokea sauti moja iliyojaa. Viwanda vyenyewe hufunga hivyo kwenye magari mengi.

Kuhusu ukubwa wa sauti, kipimo ambacho watengenezaji wengi wa magari hukifuata ni Kanuni Namba 28 ya Umoja wa Mataifa. Kipimo kikiwekwa mbele ya gari kwa umbali wa meta 7, honi inatakiwa isizidi desibeli 112. Kwa pikipiki yenye nguvu isiyozidi kilowati 7, kiwango cha chini ni 83. Sasa angalia boksi la konokono zako. Likiwa limeandikwa 118, namba hiyo kwa kawaida imepimwa kwa meta 2. Ukirudi nyuma hadi meta 7 inabaki kama 107. Upo ndani ya kiwango. Boksi lililoandikwa 150 usiliongezee hata shilingi kwa ajili ya namba hiyo. Desibeli 140 tu ni sauti ya ndege ya jeti inayopaa ukiwa umesimama jirani nayo, na kidude cha ampea chache hakiwezi kufika huko.

Upande wa matumizi ndiko wengi wanakokosea. Honi ni ya kuonya hatari. Kuita abiria, kumsalimu mwenzako anayekuja, kumharakisha aliye mbele taa zikibadilika, kumwita mlinzi afungue geti: hakuna hatari yoyote hapo. Karibu na Hospitali ya Mkoa, Mirembe, Benjamin Mkapa na mbele ya shule, mkono usiende kwenye honi mpaka kuwe na mtu anayeweza kuumia. Faini ya papo kwa papo kwa gari ni shilingi 30,000 kwa kosa, na kwa pikipiki na bajaji ni 10,000. Hulipwa kwa control namba, si mkononi mwa mtu. Juu ya hapo ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni zake za kelele na mitetemo za 2015, zinazosimamiwa na NEMC, baraza la taifa la mazingira. Mtu anaweza kuwa salama kwa trafiki na bado akajibu kwa upande huo.

Nabeba mahindi na alizeti kwa Fuso. Fundi mmoja anataka kunifungia honi ya upepo ya tarumbeta mbili, achukue upepo kwenye paipu ya breki kwa kuweka T. Anasema ni kazi ya nusu saa. Nimruhusu?
*Mwenye Fuso, Kibaigwa*

Usimruhusu, na tafadhali usilichukulie jambo hili kirahisi. T kwenye paipu ya breki inaifanya honi kuwa sehemu ya breki. Mpira wa honi ukipasuka, kontakta ikichomoka, au valvu ya honi ikikwama wazi kwa sababu ya vumbi, upepo unaotoka ni ule ule uliokuwa usimamishe tani zako. Lori lenye breki za springi litafunga matairi lenyewe pale pale lilipo, hata kama ni katikati ya kona. Lisilo nazo litaendelea kwenda, nawe unakanyaga pedeli tupu. Fikiria hayo ukiwa unateremka Sekenke na mzigo umejaa.

Honi ya upepo inafungika salama, ila upepo wake utoke mahali pengine. Malori mengi ya Ulaya yana valvu ya kinga yenye njia nne: 21 na 22 ni za breki za mguu, 23 ni ya breki ya mkono na trela, 24 ni ya vifaa vingine. Namba zimechongwa kwenye valvu yenyewe. Ifute vumbi utaziona. Honi inakwenda 24. Kwenye malori ya Kijapani ambayo hayana mpangilio huo, nunua valvu ya kinga peke yake na uifunge kwenye tundu la ziada la tenki, kisha honi ifuate baada ya valvu. Kazi yake ni kufunga njia ya honi pale upepo unaposhuka, aina nyingi karibu kilo 6, ili uliobaki uwe wa breki. Honi ikinyamaza ghafla kwa sababu hiyo, usimlaumu fundi: inakuambia upepo umepungua.

Ufungaji wenyewe uende hivi. Zima injini na utoe upepo wote kwenye tenki kabla ya kufungua nati yoyote. Tumia paipu ya nailoni ya magari, milimeta 8, au milimeta 6 kwa honi ndogo, siyo mpira wa maji. Ikate kwa wembe iwe sawa kabisa, maana paipu iliyokatwa kwa mshazari huvuja kwenye kontakta hata ukiibana vipi. Ipitishe mbali na egzosi, angalau sentimeta 20, na uifunge kila nusu meta isisuguane na chesesi. Valvu ya umeme iwe ya volti 24. Ya 12 kwenye Fuso itaungua koili siku ya kwanza. Hiyo valvu hula umeme mdogo, kama ampea 1, hivyo fyuzi ya ampea 5 inatosha. Swichi yake iwe peke yake, na honi ya umeme ya kiwandani ibaki kwenye usukani kwa matumizi ya mjini.

Tarumbeta ziweke nyuma ya bampa au grili, zitazame mbele, midomo imeinama kidogo ili maji yasibaki ndani. Tunashauri zisiwekwe juu ya kabini. Huko sauti inasafiri mbali na kuingia madirishani mwa watu, wakati unayetaka kumwonya yuko meta 30 mbele yako.

Mwisho ni kipimo, na hapa ndipo kazi ya nusu saa inapojulikana. Kabla ya kufunga chochote, jaza upepo hadi mwisho, zima injini, subiri dakika 10 na uandike mshale umeshuka kiasi gani. Rudia baada ya kufunga. Ukishuka zaidi ya mwanzo, paka povu la sabuni kwenye kila kiungo kipya mpaka uone mapovu yanapotokea. Fanya hivyo pia honi ikiwa imebonyezwa na msaidizi, kwa sababu upande wa baada ya valvu ya umeme hauonekani ukiwa umenyamaza.

Kama lori lako ni Canter yenye breki za mafuta matupu, halina upepo wa kugawa. Soma jibu linalofuata.

Nina IST. Nilifunga honi ya tarumbeta mbili nyekundu zenye kompresa ndogo. Inalia vizuri mara mbili tatu, halafu fyuzi inakatika. Nimeweka fyuzi kubwa zaidi, sasa waya unanuka. Nifanye nini?
*Msomaji wa Kisasa, Dodoma*

Kwanza toa hiyo fyuzi kubwa leo hii. Fyuzi imewekwa iungue kabla ya waya. Ukiweka kubwa, waya ndio unaoungua, na waya wa honi umefungwa pamoja na nyaya nyingine nyuma ya bampa. Harufu uliyoisikia ni plastiki inayoyeyuka. Kagua waya wote, na pale ulipolainika au kubadilika rangi ukate na ubadilishe.

Sababu ni hesabu ndogo tu. Honi ya sahani iliyokuja na gari hula ampea 3 hadi 5. Kompresa yako hula 15 hadi 20. Waya na fyuzi za kiwandani havikutengenezwa kwa ajili hiyo. Unahitaji relei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili kupitisha mkubwa, ya volti 12, ampea 30 au 40, yenye miguu minne, na waya wa milimeta za mraba 2.5.

Waya uliokuwa unakwenda honi ya zamani, upeleke mguu wa 86. Mguu wa 85 upeleke bodi, yaani chuma cha gari. Kutoka betri chanya vuta waya mpya, weka fyuzi ya ampea 20 karibu kabisa na betri, isizidi kama shibiri moja, kisha uingie mguu wa 30. Mguu wa 87 uende kompresa. Upande hasi wa kompresa uende bodi, na hapo kwangua rangi mpaka chuma king'ae, kaza bolti, halafu paka grisi. Kiungo kibovu cha bodi ndicho kinachofanya honi nyingi mpya zilie kama zina mafua.

Kompresa isimame wima, iwe juu kuliko tarumbeta, na mpira wa kati usizidi meta moja. Ukiwa mrefu, sauti inachelewa kutoka, na onyo lililochelewa halina faida. Injini yake ndogo haina cha kuipoza: bonyeza sekunde mbili tatu, kisha iache ipumue. Kwa Dodoma ongeza jambo moja. Kuanzia Juni hadi mvua za Novemba, vumbi letu jekundu huingia kwenye tundu la kompresa na kusaga blade za ndani. Funika tundu hilo kwa kipande cha sponji na ukioshe kila unapobadilisha oili.

Shikamooni. Mimi ni bodaboda. Wateja wanapenda pikipiki yenye king'ora na taa za kumulika. Wenzangu wengi wamefunga. Kuna ubaya gani kama sikitumii ovyo?
*Bodaboda, Nzuguni*

Marahaba, kijana. Ubaya upo hata kabla hujakibonyeza, kwa sababu king'ora si kifaa cha pikipiki ya abiria. Kwenye ukaguzi hutaulizwa unakitumia saa ngapi, utaulizwa kwa nini kipo. Taa za kumulika za bluu na nyekundu ni hivyo hivyo.

Lipo pia ambalo sheria inalilinda na sisi tunaliamini kwa dhati: watu wakizoea king'ora cha bodaboda pale stendi ya Nanenane, siku gari la wagonjwa likija hawatasogea. Kama honi yako haisikiki, nunua ya sahani ya volti 12 yenye ampea 2 au 3, uiwekee relei na fyuzi ya ampea 10 moja kwa moja kutoka betri. Swichi ya mkononi haitaungua tena, na betri ndogo ya pikipiki itaimudu.

Nyumba yangu iko meta chache kutoka lami. Mabasi yanapita saa nane na saa tisa usiku yakipiga honi ndefu kuwaamsha abiria na kuwasalimu wenzao. Nina mjukuu mchanga. Nilalamike wapi?
*Bibi, Gairo*

Shikamoo, bibi. Malalamiko yenye nguvu ni yale yenye vitu vinne: namba ya usajili ya basi au jina lililoandikwa ubavuni, tarehe, saa, na mahali palipotokea. "Mabasi yanatusumbua" haimfikishi mtu popote. Mwombe kijana wa nyumbani aandike usiku mitatu au minne kwenye daftari, na arekodi kwa simu ikiwezekana.

Kwa basi la abiria, peleka kwa LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini. Wao ndio wanaotoa leseni za mabasi, na mabasi hayo yana kifaa cha kufuatilia mwendo kinachoonyesha gari lilikuwa wapi saa ngapi, kwa hiyo daftari lako linaweza kulinganishwa na kumbukumbu zao. Nakala ipeleke kwa trafiki wa wilaya. Kama kelele ni za mahali pamoja kila siku, mathalani basi linalosimama kupakia mbele ya nyumba huku likipiga honi, anza na serikali ya kijiji au mtaa na ofisa mazingira wa halmashauri. NEMC hufuata kama hapo pameshindikana.

Kwa madereva wanaosoma hapa: usiku onyo la taa linatosha karibu kila mahali. Shusha na upandishe taa mara mbili kabla ya kulipita gari. Aliye mbele ataona kwenye kioo, na bibi wa Gairo hataamka.

Kwenye video naona pikapu za Marekani zimefungwa honi za treni. Kule hawana sheria?
*Mwanafunzi, UDOM*

Wanazo, na kila jimbo lina yake, ingawa zinafanana sana. California, kifungu cha 27000 cha sheria yake ya magari kinataka honi isikike umbali wa futi 200, kama meta 60, na kinakataza honi inayotoa sauti kubwa kupita kiasi au kali. Kifungu kinachofuata kinasema honi ipigwe pale tu inapohitajika kwa usalama. Texas ina futi 200 hizo hizo na katazo hilo hilo, kifungu cha 547.501. New York nayo inataka honi itoshe kuonya hatari, lakini isiwe na kelele au ukali usio wa lazima.

Angalia walivyoandika: kiwango cha chini kimetajwa kwa umbali, ila cha juu kimeachwa kwenye maneno "kupita kiasi". Maana yake askari na hakimu ndio wanaoamua. Kwa honi ya treni hawahitaji kufikiri sana. Kanuni za shirikisho za reli zinataka honi ya kichwa cha treni isome kati ya desibeli 96 na 110 kwa umbali wa futi 100 mbele yake, yaani meta 30. Ukisogea hadi meta 7, sauti hiyo inaongezeka kwa takribani desibeli 13. Mtembea kwa miguu akiwa pembeni ya pikapu anaweza kuumizwa masikio kwa mbonyezo mmoja. Mengi unayoyaona kwenye video ni makosa yaliyorekodiwa, si ruhusa.

Honi ya gari langu siku hizi inalia kwa sauti ndogo kama inakoroma. Ninunue kubwa?
*Msomaji, Manyoni*

Usinunue bado. Mara nyingi honi ni nzima, umeme ndio haufiki.

Chukua mita, iweke kwenye volti za DC. Ncha moja kwenye terminali ya honi, nyingine kwenye hasi ya betri, mtu abonyeze honi injini ikiwa inaunguruma. Ikisoma 12.5 au zaidi, umeme unafika. Ikisoma chini ya 11, unapotea njiani: angalia kontakta iliyoota kutu ya kijani, relei iliyochoka, au fyuzi yenye miguu iliyoungua. Halafu hamisha ncha moja kwenye bodi ya honi yenyewe na nyingine ibaki hasi ya betri. Hapo isome karibu sifuri. Ikipita nusu volti, bolti inayoishika honi ina kutu. Ifungue, kwangua, rudisha. Honi isipolia kabisa lakini ukiunganisha waya moja kwa moja inalia, itazame spring ya usukani, hasa kama taa ya eabegi nayo imewaka. Hapo mpe fundi anayejua kuzima mfumo wa eabegi kwanza.

Umeme ukiwa mzima na bado inakoroma, igeuze mdomo chini na uipige piga kwa mpini wa bisibisi. Vumbi la njia ya Itigi linaweza kukutokea mkononi. Usiipulizie kwa kompresa ya matairi, utaipinda sahani ya ndani. Nyuma ya honi za sahani kuna skrubu ndogo, aghalabu imefunikwa kwa rangi au gundi. Izungushe robo mzunguko tu upande mmoja, bonyeza, sikiliza. Ikizidi kukoroma, rudisha na ujaribu upande wa pili. Sauti ikinyooka, weka tone la rangi ya kucha kwenye skrubu isilegee kwa mtetemo wa barabara.